Kizuri Chajiuza, Mradi Kionekane

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yafaa sana sokoni, mahali ambapo mnunuzi aona, agusa, anusa na kuonja. Lakini siku hizi jamaa nyingi za Kikristo zauza mali zao kwa njia ya tovuti, na huko mnunuzi aona yale tu ambayo muuzaji amependa kumwonyesha. Je, kizuri chaweza kujiuza huko? Chaweza, kwa sharti moja: muuzaji amweleze mnunuzi yote ambayo angeyajua mwenyewe kama angalisimama mbele ya meza ya bidhaa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, afundisha katika Summa Theologiae kwamba muuzaji hana budi kueleza kasoro iliyofichika, ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, mradi bei ipunguzwe kwa kadiri yake. Basi na tufikiri. Katika tovuti farasi mwenyewe haonekani. Kila kasoro ni ya siri mpaka muuzaji aitaje. Kwa hiyo wajibu wa kusema kweli umezidi, haukupungua.

Tutwae mfano wa jamaa iuzayo asali ya Tabora. Ukurasa wa kwanza useme kwa maneno machache: ni asali gani, yatoka wapi, chupa ina uzito gani, na bei yake ni kiasi gani. Picha iwe ya asali yenyewe, wala si ya kuazima. Waeleze kwamba asali safi huweza kuganda, na kwamba ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu hulainika tena. Tena waandike mahali paonekanapo kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, maana yaweza kuwa na bakteria waletao ugonjwa wa botulizimu, uwezao kumwua mtoto mchanga. Labda mama mmoja ataondoka bila kununua. Na aondoke kwa amani! Uhai wa mtoto wake wapita thamani ya asali yote ya Tabora.

Kinyume cha hayo ni hila. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull alianza kuorodhesha hila za tovuti hadharani, ili watu wazitambue. Zipo saa za bandia zihesabuzo dakika ili kumtia mnunuzi hofu. Yapo matangazo kwamba zimebaki chupa 2, kumbe ghala limejaa. Zipo gharama za usafirishaji zifichwazo mpaka hatua ya mwisho. Viko pia visanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya kukubali malipo ya nyongeza ambayo mnunuzi hakuyaomba. Hila hii ya mwisho ilikatazwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011. Lakini Mkristo hangojei sheria ya serikali: amri ya saba na ya nane zamtosha. Ikiwa kweli zimebaki chupa 2, aseme, maana hiyo ni habari yenye faida kwa mteja. Ikiwa si kweli, anyamaze.

Wengine watasema: asiyesukuma hauzi. Sivyo. Kualika si kusukuma. Baada ya maelezo na bei, kiwepo kitufe kimoja cha kuagizia, na karibu yake gharama za kufikisha mzigo kila mji, na ahadi ya wazi kuhusu chupa itakayovunjika njiani. Hapo mnunuzi aachwe aamue. Namba ya simu aliyoitoa ili apelekewe mzigo si ruhusa ya kumletea matangazo kila asubuhi. Hapa Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yatukumbusha kwamba habari za mtu si mali ya muuzaji.

Enyi wazazi, vijana wenu ndio watengenezao tovuti hizi. Kabla ukurasa haujatolewa, ketini pamoja, mmoja ausome kwa sauti, nanyi mjiulize: je, twapenda mama yetu mzazi anunue kwa maneno haya? Palipo na neno la kuwaonea haya, lifutwe. Yatakayobaki yatatosha kuuza.