Mbegu Njema na Mdudu Mdogo: Somo Kutoka Michikichi ya Kigoma

Ndugu msomaji, mtu apitaye Kigoma na Ujiji na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika hakosi kuiona michikichi. Mti huu huwapa watu mawese ya kupikia, na mafuta ya mise ya kutengenezea sabuni. Leo tutautazama kwa ajili ya swali moja: Je, mkulima akiokota chikichi chini ya mti mzuri wa jirani yake, akazipanda, atapata miti mizuri kama ule?

Jibu ni kwamba hawezi kuwa na hakika. Sababu zake ni hizi.

Kwanza, michikichi ni ya namna tatu. Dura ina kokwa lenye gamba nene na nyama kidogo. Pisifera haina gamba gumu, lakini kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Tenera ni mtoto wa hao wawili: gamba lake ni jembamba, nyama ni nyingi, na mafuta yake huzidi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1941 na wataalamu Beirnaert na Vanderweyen waliofanya kazi Yangambi, katika nchi ya Kongo. Tenera ikizaa na tenera, katika kila mbegu 100 hupatikana kwa wastani dura 25, tenera 50 na pisifera 25. Ikipata chavua ya dura, nusu ya watoto huwa dura. Basi mwenye kuokota mbegu hulima na kungoja miaka mitatu au minne, ndipo agundue kwamba sehemu kubwa ya shamba lake si ile aliyoitarajia.

Pili, ni nani aletaye chavua hiyo? Maua ya kiume na ya kike ya mchikichi hukaa katika mashada mbalimbali. Wako wadudu wadogo wa jamii ya fukusi wanaozaliana ndani ya maua ya kiume. Ua la kike nalo hutoa harufu tamu kama ya shamari, mfano wa lile la kiume. Mdudu hulifuata, asipate chakula wala mahali pa kutaga, lakini huiacha chavua aliyoibeba. Mdudu huyo hachagui mpaka wa shamba: huweza kuitoa chavua kwenye dura ya jirani na kuipeleka kwenye tenera yako.

Huenda msomaji akasema: Kama ni hivyo, wadudu hawa ni hasara! La, sivyo. Mchikichi ulipopelekwa Asia, wadudu wake wa Afrika hawakufuatana nao. Huko Malaysia wenye mashamba walilazimika kuwalipa watu wa kupaka chavua kwa mkono, ua kwa ua. Mwaka 1981 wadudu hao walipelekwa kutoka Kameruni, kwa utafiti wa Rahman Syed, mtaalamu kutoka Pakistan, na kazi ile ya mikono ikakoma. Kumbe mdudu tunayemdharau hapa kwetu alikuwa akifanya kazi ya maelfu ya watu bila ujira! Basi tusinyunyizie dawa ovyo maua ya kiume.

Katika Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim tunasoma kwamba watu wa Madina walikuwa wakiipandishia mitende yao chavua kwa mkono. Mtume Muhammad s.a.w. alidhani huenda haina faida. Wakaacha, na mazao yakapungua. Alipoambiwa, aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa rai yake tu, na kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Tazama, msomaji mpenzi, jinsi dini ya kweli isivyoogopa ujuzi uliojaribiwa shambani!

Kwa hiyo, yafaa tufanye nini? Maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Wanakijiji wachague mimea yenye afya, wakaushe vema, waweke akiba na kupeana. Maboga na matikiti huhitaji nyuki, na mbegu zake huchanganyika upesi aina mbili zikikaribiana. Lakini tenera itafutwe kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, Kigoma, ambako chavua ya pisifera hupakwa kwa makusudi kwenye maua ya dura yaliyofunikwa.

Na lipo jambo moja la dhamiri. Mwenye kuuza miche ya mbegu za kuokota kwa jina la tenera hamwibii mnunuzi fedha tu, bali miaka minne ya jasho lake, na mwizi huyo hataonekana mpaka mti uzae. Kipimo cha udanganyifu si mizani ya sokoni pekee.

Mwenyezi Mungu atujalie ukweli katika mbegu tunazopanda na tunazouza. Amin.