Babu Anaumwa Mgongo Kila Siku: Tufanyeje?

Hivi, nyumbani yupo babu au bibi anayeamka na mgongo mgumu, hawezi hata kuinama? Usiseme ni uzee tu, mpeleke hospitali.

Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa, meno huota na rangi ya kahawia. Akiendelea miaka mingi, mifupa huweza kukakamaa na kuuma.

Basi, vidonge peke yake havitoshi. Daktari apime, mtaalamu wa fiziotherapia afundishe mazoezi, familia isaidie kazi nzito na kumpa moyo. Asilale kutwa, atembee kidogo kidogo.

Kumbuka: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floraidi! Kingeni maji ya mvua, myachemshe. Nawe kunywa hayo, mifupa yako bado inakua.