Kuvisha Ndizi Utando wa Gundi ya Adad

Ndizi za mashamba ya kando ya Tana huiva upesi kwa joto la Garissa. Katika nyika ya huko huko unamea adad, mgunga unaotoa gundi inayolika. Hapa "utando" ni ngozi nyembamba ya gundi hiyo juu ya tunda, inayopunguza kasi ya kuiva. "Myeyusho" ni kimiminika kinachouzaa.

1. Jaribu gundi. Loweka kipande kimoja, ukubwa wa punje ya mahindi, katika nusu glasi ya maji usiku kucha. Gundi ya adad huyeyuka yote. Kikibaki kipande kinachonukia, hicho ni ubani au manemane, usikitumie. Madonge haya huchanganyika kwa urahisi ndani ya gunia moja, kwa hiyo jaribu kila gunia.

2. Pima gramu 100 za gundi iliyosagwa.

3. Yeyusha gundi katika mililita 800 za maji ya nyuzi 40, ukikoroga kwa dakika 60. Usichemshe. Chuja magome na mchanga kwa kitambaa cha pamba, kisha ongeza maji hadi lita 1.

4. Ongeza mililita 10 za gliserini ya chakula. Bila gliserini, utando hupasuka kama tope la bondeni mafuriko yakishapita.

5. Vaa glavu, kisha tia mililita 4 za mafuta ya mdalasini yanayoruhusiwa kwenye chakula. Mafuta haya huunguza ngozi, lakini ndiyo yanayopambana na ukungu wa chule (anthracnose). Saga kwa blenda dakika 5. Subiri dakika 10 na ukague: mafuta yakielea, saga tena.

6. Osha ndizi mbichi zisizo na michubuko kwa lita 1 ya maji yenye mililita 5 za klorini ya asilimia 3.5. Suuza, kausha.

7. Tumbukiza ndizi katika myeyusho kwa dakika 3. Zitundike kivulini mbele ya feni hadi kidole kisinate.

8. Pima uzito wa ndizi 3 zilizovishwa na 3 zisizovishwa, moja moja, na urudie kila asubuhi. Gawa uzito uliopungua kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100, andika. Zilizovishwa zapaswa kupungua polepole zaidi. Zikinuka pombe, utando ni mzito mno na umezinyima pumzi: anza upya kwa gramu 80 za gundi.