SOMO: Kwenda pamoja si kwenda mwendo mmoja



Leo tunajifunza kutoka kwa sanaa ambayo wengi wetu hatujaiona: onyesho la sauti na mianga lisilotungwa lote mapema. Msanii hutoa kanuni tu. Mengine yanazaliwa mbele ya watazamaji, na kila onyesho ni tofauti na lililotangulia.

Mwaka 1964, katika mji wa San Francisco huko Marekani, utungo wa Terry Riley uitwao In C ulipigwa kwa mara ya kwanza. Wanamuziki wakipiga, Tony Martin alitupa mianga ukumbini. Mwaka 2013 wanamuziki wa Mali waliupiga huko Bamako kwa kora na balafoni.

Riley aliandika vipande vifupi 53. Kanuni zake ni hizi:

1. Kila mpigaji anapitia vipande vyote kwa utaratibu.
2. Anarudia kila kipande mara anazotaka, kisha anasonga mbele.
3. Asiwaache wenzake mbali, wala asibaki nyuma mno: tofauti iwe vipande 2 au 3.
4. Asikilize. Anaweza kunyamaza kwanza, kisha aingie tena.
5. Mdundo mmoja usiobadilika unawashikilia wote.

Aliyefika kipande cha 53 anaendelea kukirudia hadi wa mwisho afike. Ndipo muziki unakwisha.

Inatuhusu nini?

Katika mikutano yetu kuhusu kurudi vijijini, familia moja iko tayari kesho. Nyingine nyumba yake ilichomwa, au imepoteza mtoto, na bado inarudia neno lile lile. Mara nyingi tunaiambia: «Nyamazeni, tusonge!» Lakini anayerudia si lazima awe adui wa amani, pengine hajamaliza kipande chake. Kiongozi mwema haburuti watu. Analinda mdundo, yaani yale tuliyokubaliana wote, na anaangalia nani ameachwa mbali.

Hata hivyo tusidanganyane. Aliyenyang'anya shamba la mwenzake si mtu aliyechelewa tu, amevunja kanuni. Huyo anahitaji haki, si kungojewa.

Zoezi

Kaeni watu kumi. Mmoja apige bidoni polepole, bila kubadilisha. Tungeni makofi ya namna tano, rahisi. Kila mtu ayapitie kwa kufuata kanuni tulizosoma. Watoto wawili wachore chini kwa makaa wanavyosikia: mistari, duara, nukta. Wasichore watu wala vitu. Msimame wa mwisho anapofika.

Maswali ya kujadiliana

- Nani alikimbia? Nani alibaki peke yake? Nani alimsikia?
- Katika kambi yetu, mdundo unaotushikilia sote ni upi?
- Ni familia gani tunayopaswa kuisikiliza kabla ya mkutano ujao?