Kupima Ukubwa wa Jiji kwa Reli ya Chini ya Ardhi

Katika somo la vipimo, yafaa tuanze na swali: Je, urefu wa reli waweza kutuonyesha upana wa jiji? Tuchukue mfano wa London, ambako reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1863. Safari ya treni moja kutoka West Ruislip, magharibi, hadi Epping, kaskazini-mashariki, ni karibu kilometa 55. Wanafunzi wengi watajibu kwamba huo ndio upana wa jiji. Tusiwakemee, tuwape ramani yenye kipimio, uzi na rula. Kwanza walaze uzi juu ya reli, wakifuata mipindo yake yote. Kisha waunyoshe baina ya vituo hivyo viwili. Wataona ya kuwa umbali wa mstari mnyoofu ni karibu kilometa 40 tu. Tena, Epping iko nje ya mpaka wa jiji.

Tahadhari: ramani mashuhuri ya reli hiyo, iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933, haina kipimio, isitumiwe kupimia.

Mwanafunzi atambuaye tofauti hizi ameelewa kupima; aliyekariri tarakimu peke yake bado.