Japchae Jikoni Kwako: Tambi za Kikorea Zisizotaka Haraka

Japchae ni chakula cha wageni. Korea huwezi kuikosa kwenye harusi, siku za kuzaliwa, wala sikukuu za Seollal na Chuseok. Haina pilipili kali, na hata ikiwa vuguvugu inalika vizuri tu. Inachodai ni subira, kwa sababu kila kiungo hupikwa peke yake. Ukitupia vyote kikaangoni kwa pamoja utashiba, ila hiyo si japchae.

1. Anza na tambi zenyewe. Huitwa dangmyeon na hutengenezwa kwa wanga wa viazi vitamu. Zikiwa kavu ni za kijivu na ngumu kama waya. Zikiiva zinang'aa na kuvutika. Spageti hazifai. Tambi za wanga wa choroko zinaweza kukutoa, lakini ni nyembamba na huiva upesi zaidi. Gramu 250 zinatosha watu wanne.

2. Changanya mchuzi mapema: vijiko vikubwa 5 vya sosi ya soya, 2 au 3 vya sukari, 2 vya mafuta ya ufuta, punje mbili za kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili manga kidogo. Kama hunywi pombe, soma lebo ya sosi, maana baadhi huongezewa alkoholi.

3. Mafuta ya ufuta yawe ya ufuta uliokaangwa, yale ya rangi ya kahawia. Yale meupe hayana harufu inayotakiwa. Ukiyakosa, kaanga ufuta kwa moto mdogo, utwange, uunyunyize mwishoni. Tanzania inalima ufuta kwa wingi, hasa Lindi na Mtwara, kwa hiyo hapo hakuna kisingizio. Na usiyatumie kukaangia: moto mkali huua harufu yake, nawe umelipia harufu.

4. Mboga ndizo zenye sahani. Inasimuliwa kwamba japchae ilipikwa kwanza katika kasri la mfalme Gwanghaegun, mwanzoni mwa karne ya 17, ikiwa mboga na uyoga bila tambi hata moja! Tambi ziliingia karne ya 20. Basi usiweke vipande vitatu vya karoti kama pambo.

Kata kila kitu vipande vyembamba virefu, kisha kaanga kwa mafuta kidogo na chumvi kidogo, ukianza na visivyochafua kikaango: kitunguu, karoti, hoho, halafu uyoga. Kila kimoja kikilainika huku bado kina ugumu kidogo, kitoe, kiweke pembeni. Spinachi huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, ikapozwa na kukamuliwa mpaka maji yaishe. Mchicha mchanga unafaa kabisa. Sukuma wiki iachie ugali wake.

5. Nyama ya ng'ombe ikae kwanza kwenye friza mpaka igande nusu. Hapo kisu kitakuachia vipande vyembamba bila ugomvi. Ipake sosi ya soya, sukari na kitunguu saumu kwa robo saa, kisha iwe ya mwisho kukaangwa. Asiyekula nyama aongeze uyoga.

6. Chemsha tambi dakika 6 au 7, kisha onja. Zikishalainika bila kuwa rojo, zichuje, zisuuze kwa maji baridi na uzikate kwa mkasi mara mbili tatu. Ndiyo, mkasi, Wakorea hawauonei haya jikoni. Zitie kikaangoni na nusu ya mchuzi, ugeuze mpaka zinywe wote na kuwa kahawia.

7. Unganisha vyote kwenye bakuli kubwa na mchuzi uliobaki, kwa mikono. Mwiko hukata tambi na kurundika mboga upande mmoja. Ukipenda mapambo, kaanga ute na kiini cha yai mbalimbali, kama chapati nyembamba, ukate nyuzi za kuweka juu. Malizia na ufuta.

8. Kiporo cha friji huwa kigumu na hupoteza mng'ao. Kirudishe kikaangoni na matone ya maji, kitalainika. Wakorea wengine hukimwaga juu ya wali, wakakiita japchae-bap. Wanga juu ya wanga, najua. Onja kwanza, ndipo ulalamike.