Somo la Ufundi: Sakafu ya Vibao Nyumbani



Wenzetu wa viwanda vya Ntinda na Nakawa, wanaojenga kidogo kidogo kwa akiba ya mshahara, hutuuliza kama mfanyakazi anaweza kuweka nyumbani kwake sakafu ya vibao vya mbao ngumu, yaani parketi. Anaweza. Lakini kwanza yafaa tujue jambo moja: aghalabu sakafu hii huharibika kabla haijawekwa. Kinachoiharibu ni maji yaliyomo ndani ya mbao na ndani ya zege, ambayo jicho haliyaoni.

1. Kuchagua mbao

Mvule ina sifa kwa kuwa ikishakauka haichezi sana, na mchwa hawaipendi. Mahogani nayo ni nzuri. Msizi ni laini, miguu ya viti huiachia alama. Mkalitusi ukikaushwa vibaya hupinda na kupasuka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanausifu mti wa muhuhu, kwani hauliki upesi kwa viatu. Mvule imepungua sana misituni. Basi ukinunua Ndeeba au kwingineko, dai risiti na uulize kibali. Mbao za wizi zikikamatwa njiani, fedha yako imepotea pamoja nazo.

2. Kupima ukavu

Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mbao ya kuwekwa ndani ya nyumba iwe na unyevu wa kama asilimia 12. Muuzaji atasema, "Imekauka." Tusibishane naye, tupime.

Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha. Kipime kwa mizani ya gramu. Kikaushe katika tanuri kwa moto mdogo, bila kukiunguza, mpaka uzito usipungue tena. Gawa uzito uliopotea kwa uzito mkavu, kisha zidisha kwa 100. Mathalani, gramu 560 zikishuka hadi 500, zimepotea 60. Unyevu ni asilimia 12, mbao inafaa. Zikishuka kutoka 625 hadi 500, unyevu ni asilimia 25. Mbao hiyo ikiwekwa leo, kesho itaacha nyufa za kupitisha sarafu.

Zege jipya nalo hukauka polepole, kadiri ya inchi moja kwa mwezi. Zege la inchi 4 lataka miezi minne. Tandika nailoni ya mita moja, bandika kingo zake zote, iache siku nzima na usiku. Ukikuta matone chini yake, subiri. Na kama zege lilimwagwa bila nailoni chini yake, unyevu wa ardhi waweza kupanda miaka yote. Nyumba ya namna hiyo haifai vibao.

3. Hesabu

Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vibao vitakavyokatwa au kuharibika: 13.2. Kibao cha sentimita 7 kwa 21 ni mita ya mraba 0.0147. Utahitaji vibao 900 hivi.

4. Kuweka

Vibao vikae ndani ya chumba hicho wiki mbili, vimepangwa hewa ipite. Sawazisha sakafu kwa pimamaji na uifagie vumbi lote. Piga mistari miwili ya chaki ikutane katikati ya chumba, uanzie hapo. Paka gundi kwa mwiko wenye meno, sehemu ndogo ndogo. Acha nafasi ya milimita 10 kila upande wa ukuta, kwa kuwa mbao hupanuka wakati wa mvua. Ubao wa pembeni utaificha. Gundi ikishashika vizuri, piga msasa, kisha vanishi mara tatu.

5. Afya

Vumbi la mbao ngumu huweza kuleta saratani ya pua, na la mvule huwasha ngozi na kifua. Vaeni barakoa ya vumbi, fungueni madirisha. Gundi na vanishi zisikaribiane na jiko wala sigara. Wanaofanya kazi hii kwa kuajiriwa wakumbuke: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kuwatoza wafanyakazi.

6. Sisi na fundi

Fundi ni mfanyakazi mwenzetu. Andikianeni mapatano, na mlipeni kwa hatua. Akisema zege bado bichi, msimharakishe kwa sababu ya harusi au sikukuu. Tunalalamika kiwandani msimamizi anapotuharakisha mpaka kazi iharibike. Tusiwe wasimamizi wa namna hiyo majumbani mwetu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kipande cha gramu 580 kimekauka hadi gramu 500. Je, mbao hiyo inunuliwe?
2. Chumba cha mita 3 kwa 3 chataka vibao vingapi?
3. Katika karakana yenu, nani ananunua barakoa?